Mbuzi akitupa mimba, tuangalie na macho ya mwenye kumuchunga



Katika gazeti hili tumezoea kuwaandikia juu ya mihogo, mbolea, mbegu za mupunga na bei ya soko. Leo tunaandika juu ya homa. Wamoja watauliza: ma-agronome wanatafuta nini katika kazi ya waganga? Swali ni la haki. Tutalijibu kwa kuanzia kwenye kosa letu wenyewe.

Katika kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi kulikuwa mama mumoja ambaye wenzake walimuchagua kuwa mupimaji wa koperative. Wakati wa mavuno, kila mufuko wa mupunga ulipita kwenye mizani mbele ya macho yake, na kilo alizotaja ndizo ziliandikwa. Nyumbani alikuwa na mbuzi saba. Musimu mumoja mvua ilinyesha kupita kiasi, maji yakatoka kwenye mifereji yakakaa mashambani, na mbuzi wake wanne wakatupa mimba ndani ya siku kumi. Sisi tulipita pale kwa kazi ya mupunga. Akatuonyesha. Tukaandika kwenye kaye yetu "mimba zilizotoka: 4", tukamushauri kutafuta chumvi ya kulambisha na majani ya kutosha, tukapanda pikipiki, tukaenda. Hatukumuuliza nani alivuta wale watoto wafu. Ni yeye, na mikono mitupu, sawa vile kila mutu anavyofanya. Hata hali yake mwenyewe hatukumuuliza.

Siku chache nyuma yake akakamatwa na homa, kichwa, maumivu ya mugongo na viungo. Akapewa dawa ya palu. Homa ikaisha, akarudi kwenye mizani. Ilipofika juma la tatu, namba zikaanza kumupotea. "Pembeni naona," alisema, "lakini katikati iko kama moshi." Watu wakasema ni kinini. Wengine wakasema amelogwa. Na wengine, hao ndio waliomuumiza zaidi, wakasema anaiba kilo, juu uzito aliotaja haukulingana tena na mufuko. Alitolewa kwenye kazi ya kupima mbele ya kupelekwa kwa muganga wa macho.

Damu haikuchukuliwa kwa ajili ya maabara, ya kwake wala ya mbuzi wake. Kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Lakini mimba nyingi kutoka kwa wakati mumoja, baada ya mafuriko, mikono mitupu, homa inayoisha, halafu macho: mutu aliyesoma juu ya ugonjwa ule alipaswa kushituka. Na sisi tulisoma. Tulipita juu yake shuleni kwa saa moja hivi, tukajibu mutihani, tukasahau.

Homa hiyo ni ya virusi. Inakaa kwanza katika mifugo: kondoo, mbuzi, ngombe. Mbu njo anaitoa kwa munyama huyu kuipeleka kwa yule, na mara ingine kwa mutu. Ilitambuliwa mwaka 1931 huko Kenya, katika shamba la kondoo karibu na ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa, na jina likabaki. Tusidanganyike na jina tukafikiri ni mambo ya Kenya. Mukono wa magharibi wa Ufa huo ndio unabeba ziwa Albert, ziwa Edouard, ziwa Kivu na ziwa Tanganyika. Sisi wa Ituri, wa Kivu na wa Tanganyika tunalima ndani ya Ufa kila siku.

Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao wanataga mayai kwenye udongo wa mabondeni, pale maji yanajaa na kukauka. Yai linaweza kungoja katika udongo mukavu kwa miaka. Mvua kubwa ikija, bonde likifurika, mayai yanapasuka kwa pamoja. Na mayai mengine yanakuwa tayari na virusi ndani, juu mama aliyeyataga alikuwa nayo. Ndiyo maana ugonjwa hauna lazima ya kuletwa na ngombe aliyenunuliwa mbali. Unaweza kutoka chini ya miguu yetu baada ya miaka mingi ya kimya. Kisha wanafuata mbu wengine, jamii ya Culex, wale wa usiku wanaopenda maji yaliyotulia ya mashamba ya mupunga. Hao wanakunywa damu ya mifugo wagonjwa na kuieneza ovyo.

Hapa tunaguswa sisi wenyewe, maana mifereji mingi ni sisi tulioipima. Mwaka 1987, huko Mauritania, kwenye muto Senegal, ugonjwa huo uliua watu wengi wakati kizuizi kipya cha maji kilikuwa kimeanza kufanya kazi na maji kusambaa mahali ambapo hayakuwa yakikaa. Mupunga wa kumwagilia tutaendelea kuulima, unalisha watoto wetu. Ila mwenye kuleta maji shambani anapaswa pia kujua kile kinachozaliwa ndani ya maji hayo, na kukitangaza. Mwaka 2024 tuliona ziwa Tanganyika likipanda mupaka kuingia nyumbani mwa watu, Uvira na Kalemie. Mwaka kama ule ni wa kufungua macho.

Kwa mutu, hata hivyo, njia kubwa haiko mbu. Wengi wanaopata homa hii wanaipata kwa kushika damu, viungo na maji ya munyama mugonjwa: kuchinja, kuchuna, kusaidia munyama kuzaa, kubeba kondo, kupasua mufu ili kuona kilichomuua. Maziwa mabichi nayo yanatiliwa mashaka. Kuchunga mugonjwa hakujaonekana kuleta ugonjwa kwa mwenye kumuchunga, kwa hiyo hakuna sababu ya kumukimbia. Zizi na mahali pa kuchinja ndipo penye hatari. Angalieni vizuri nani katika nyumba zetu anafanya kazi hizo. Baba anachinja, ni kweli. Lakini anayevuta mutoto wa mbuzi aliyekufa tumboni, anayeosha matumbo mutoni, anayekamua, mara nyingi ni mama na watoto.

Sasa tuseme juu ya dalili, juu ndipo tunapotezana.

Kwa watu wengi homa hii inafanana na homa zote. Siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa, mutu anapata homa ya kushitukia, maumivu ya misuli na viungo, kichwa, kukosa hamu ya chakula, mara ingine kutapika na shingo kukaza. Ndani ya siku 4 hadi 7 inapita. Nani kati yetu ataita hiyo kitu kingine zaidi ya palu? Na kama dawa ya palu ilimezwa siku ile homa ilikuwa tayari inaondoka yenyewe, basi dawa inasifiwa, na hakuna anayefikiri zaidi.

Alama zisizo za kawaida ni chache, na zinakuja kwa kuchelewa. Njo maana hakuna anayeziunganisha na homa ya kwanza. Macho yanaharibika kati ya juma 1 na majuma 3 baada ya homa kuanza. Mutu anaona ukungu, au doa katikati ya kile anachoangalia, na pembeni anaona vizuri. Hatembei kama kipofu, hajikwai, kwa hiyo watu wanafikiri anajifanya. Namna ya kumupima ni rahisi: afunike jicho moja, aangalie namba kwenye simu au uso wa mutu aliye mbele yake, kisha afanye vile kwa jicho la pili. Kama katikati kunapotea, hiyo haiko uzee na haiko uvivu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema kwamba katika wagonjwa 100, nusu mutu hadi watu 2 wanafikia hapo. Wengi wao macho yanarudi baada ya majuma 10 au 12. Lakini kama kidonda kimeshika lile doa la katikati ya jicho ambalo tunatumia kusoma, nusu ya wagonjwa hao wanabaki bila kuona vizuri maisha yao yote.

Juu ya kinini tusiseme uongo: ni kweli kinini inaweza kusumbua macho na masikio. Lakini hiyo inaonekana wakati mutu angali anaitumia, hasa ikipita kipimo. Mutu aliyemaliza dawa, akapona, akarudi shambani, kisha baada ya majuma mawili anapoteza katikati ya macho, kwake jibu la kinini halitoshi.

Alama ya pili inashika ubongo. Inakuja juma 1 hadi majuma 4 baada ya homa, na imeshaonekana hata baada ya siku 60. Kichwa kinauma sana, mutu anasahau, anachanganya mambo, anaona vitu visivyokuwapo, anapata kizunguzungu au kifafa, anaweza kulala bila kuamka. Katika vijiji vyetu mutu wa namna hiyo hapelekwi kwa muganga. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, na huko anafungwa kamba. Hatupigani na maombi. Tunaomba tu kabla ya kamba mutu aulize: mwezi uliopita alishika munyama gani?

Alama ya tatu ni damu, na hiyo haichelewi. Siku 2 hadi 4 baada ya kuanza homa, ini linaharibika, macho yanakuwa ya manjano, kisha mutu anatapika damu, anaenda choo chenye damu, damu inatoka puani na kwenye fizi, ngozi inaonyesha madoa. Hao pia ni wachache, chini ya mumoja kwa mia, lakini karibu nusu yao wanakufa, wengi kati ya siku ya 3 na ya 6. Mutu mwenye homa na damu asipewe aspirini, juu inaongeza kutoka damu. Apelekwe siku ileile.

Na hapo tunagongana na woga mukubwa wa watu wetu. Neno "homa na damu" katika Nord-Kivu na Ituri lina jina moja tu: Ebola. Kati ya 2018 na 2020 ile Ebola iligusa watu 3.470 na kuua 2.287 kati yao. Kila mutu ana kumbukumbu ya gari lililokuja kuchukua jirani. Basi mugonjwa akitoka damu, jamaa inamuficha. Tunaelewa. Lakini muganga ndiye anaweza kutenganisha Ebola na homa ya Bonde la Ufa, na hawezi bila maabara. Sampuli ikifika kwenye maabara kama ya INRB inaweza kusema ni hiki au ni kile. Mugonjwa aliyefichwa hasemi kitu, na jirani zake wanaendelea kuchuna wanyama walewale.

Tunajua kuna watakaosema: haya ni mambo ya vitabu, kwetu haijafika. Jirani zetu walikuwa wakisema vile. Mwaka 2016, huko Kabale, Uganda, si mbali na Rutshuru, ugonjwa huo ulitokea baada ya miaka karibu 50 bila kuonekana katika inchi hiyo, na kati ya watu wa kwanza kutambuliwa alikuwa muchinjaji wa nyama. Rwanda iliupata katika mifugo mwaka 2018, tena mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2022 ulipiga ngombe za Burundi. Na kwetu mashariki ya Congo, wachunguzi waliochukua damu ya ngombe walikuta ndani yake alama kwamba virusi ilishapita. Ngombe havuki mupaka akiwa na pasipoti, na mbu hata kidogo.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yetu, na tunajua hayatapendeza kila mutu. Tunaona kwamba anayeweza kuona ugonjwa huu mapema si muganga, si veterineri, na si sisi ma-agronome. Ni koperative. Muganga anaona mutu, haoni zizi. Veterineri, pale yuko, anaona ngombe na anarudi mujini. Sisi tunaona shamba. Koperative peke yake ina watu walewale kwenye zizi, kwenye mizani, kwenye kanisa na kwenye kitanda cha mugonjwa. Kitu inachokosa ni kuweka kaye mbili pembeni moja: ile ya mimba zilizotoka na ile ya watu wenye homa isiyoeleweka. Katika koperative nyingi tunazozijua, hata ile ya kwanza haipo.

Mimba kutoka ni jambo la kila musimu, na sababu ni nyingi. Brusela ni moja, na inazoea kuangusha mimba ya ngombe ikiwa kubwa, miezi ya mwisho. Njaa ni ingine, na kipigo, na majani mabaya. Mbuzi mumoja akitupa mimba, hakuna sababu ya kupiga kengele. Homa ya Bonde la Ufa inajionyesha kwa namna ingine: wanyama wengi kwa pamoja, mimba changa na mimba kubwa bila kuchagua, katika nyumba nyingi ndani ya majuma machache, na watoto wa kondoo na wa mbuzi wakifa siku moja au mbili baada ya kuugua, huku wakubwa wengi wakisimama. Kuku wanabaki wazima. Mukiona hivyo baada ya mvua kubwa, na watu wawili watatu wana homa ambayo tesiti inasema haiko palu, musingoje mutu atoke damu ndipo museme.

Tesiti hiyo tuitumie vizuri. Tumeona mara nyingi kwenye vituo vya afya: tesiti inasema hakuna palu, na mugonjwa bado anaomba dawa ya palu, na infirmiye anampa ili asigombane. Tesiti isiyoona palu ni habari kubwa. Inafungua swali la pili. Kama muganga hakuliuliza, mugonjwa alitaje mwenyewe: "Juzi nilisaidia mbuzi kuzaa, mutoto alikuwa mufu." Maneno hayo yanaweza kumufaa kuliko seromu mbili. Na kama tesiti imeona palu, alitaje hata hivyo. Mutu anaweza kuwa na vyote viwili.

Tunafika sasa kwenye kile kinachofanya watu wanyamaze, na hakiko ujinga. Ni franga. Mbuzi anayeanza kulegea anachinjwa haraka mbele ya kufa, nyama inauzwa jioni kwa bei ya chini, na jirani wanashukuru. Tunajua. Na sisi tumeshakula nyama hiyo. Nyama iliyopikwa muzuri haitaleta ugonjwa. Damu iliyomwagika wakati wa kuchinja ndiyo imeshauleta. Mwenye mbuzi akisema ukweli, anapoteza nyama, anapoteza mimba, na anaogopa kwamba soko lote litafungwa juu yake. Burundi mwaka 2022 viongozi walifunga masoko ya mifugo na kuzuia kuchinja. Ilikuwa lazima, lakini mufugaji mwenye ngombe mbili alilipa bei ya lazima hiyo. Tukimuambia mutu kama huyo "toa habari" bila kumuambia nani atamusaidia, tunamuomba awe mujinga.

Tunapendekeza hivi. Katika AVEC zetu, mbali na akiba, kuna franga za musaada zinazotolewa kwa kilio, kwa kuzaa, kwa hospitali. Koperative zikubali kwamba memba anayetangaza mimba iliyotoka, au munyama aliyekufa bila kuchinjwa, siku ileile, apate kitu kutoka hapo. Si bei ya mbuzi, hatuko matajiri. Sehemu yake tu, ambayo mukutano mukuu utapanga, na memba mwingine amupe mbuzi wa kuazima azalishe kama desturi ya pahali inaruhusu. Wamoja wametuambia: watu watadanganya, kila siku mimba zitatoka. Pengine wawili watadanganya. Lakini mimba iliyotoka inaonekana kwa macho, komite inaweza kwenda kuiangalia kwa mbali mbele ya kuzikwa, na katika kijiji kila mutu anajua mbuzi wa kila mutu. Tunaogopa zaidi watu ishirini wenye kunyamaza.

Kwa upande wa mashirika, na sisi ni wamoja wao, tujisemee ukweli. Tunagawa mbegu, majembe, mustikere. Kwa mufugaji hatujagawa hata siku moja gan za mupira, zile waganga wanavaa, na bei yake ni ndogo sana kuliko semina moja ya siku mbili hotelini. Tumelileta neno hilo kwa wakubwa wetu na tutalileta tena. Mukikutana na wageni wa mradi, muliseme na ninyi, juu likitoka kwenu lina uzito.

Mbele ya gan kufika, fanyeni na kile kiko. Sashe nzima mbili kwa kila mukono, zilizofungwa kwenye kiwiko, si nzuri lakini zinapita mikono mitupu. Mwenye kidonda kwenye mukono asishike. Mama mwenye mimba asishike kabisa. Uchunguzi uliofanywa Sudan ulionyesha kwamba wanawake walioshikwa na homa hii walipoteza mimba zao zaidi ya wengine. Mutoto mufu na kondo vifukiwe ndani sana, mbwa asifukue, na mbali na kisima. Sabuni na maji baada ya hapo, na nguo zifuliwe peke yake. Maziwa yachemke mupaka yapande. Na kama ugonjwa umeshaingia kijijini, musikubali yule wa kupita na sindano moja kwa mifugo ya watu wote, hata akisema ni chanjo. Sindano hiyo inatoa virusi kwa mugonjwa na kuitia kwa muzima. Chanjo ya mifugo ipo, lakini wakati wake ni mbele ya ugonjwa kuingia, na kwa mukono wa veterineri. Kwa watu chanjo ya kugawa kwa wote haijakuwapo, wala dawa ya kuua virusi hiyo. Muganga anasaidia mwili upigane. Mustikere ilalwe chini yake kama kawaida. Inazuia mbu wa usiku, na wale wa muchana haiwezi kitu.

Juu ya kaye, tumeanza na koperative tatu. Ukurasa ni mumoja tu: tarehe, nyumba, munyama gani, mimba ilikuwa na miezi mingapi, nani alimushika. Kila siku ya soko, katibu anakaa dakika chache na reko wa afya, na wanasoma pamoja majina ya wale walioshika na majina ya wale walio na homa. Jina likirudi mara mbili, reko anaenda kwa mutu huyo, na anarudi tena kwake baada ya majuma mawili, na baada ya majuma manne, kumuuliza juu ya macho na kichwa, hata kama amepona na analima. Safari hizo mbili za nyuma ndizo watu wanasahau. Tumeshaona reko mumoja akichekwa kwa kwenda kumuuliza mutu muzima kama anaona vizuri.

Yule mama wa mizani alipelekwa mwishowe kwa muganga wa macho. Jicho moja lilirudi nusu, lingine halikurudi. Kwenye mukutano mukuu uliofuata, memba waliomuita mwizi walisimama kumuomba musamaha, na sisi tukasimama nyuma yao na kaye yetu ile, yenye mustari wa "4". Alisema amesikia. Sasa anakaa pembeni ya mizani, binti yake anasoma namba, na yeye anainua kona ya mufuko kwa mukono kusema kama ni kilo hamsini au hazitimii. Tulimupima mara kadhaa. Hakosi kwa zaidi ya kilo moja.